Fundi Aliyewaachia Wengine Nafasi ya Kusema

Wakusanyao santuri za rege hawakosi kulitaja jina la King Tubby, ilhali sifa yake haikutokana na kuimba wala kupiga ala. Osbourne Ruddock, kwa jina lake halisi, alizaliwa jijini Kingston, Jamaika, mwaka wa 1941. Alikuwa fundi wa umeme. Alitengeneza redio zilizoharibika, kisha akaunda mitambo yake mwenyewe ya kupigia muziki mitaani.

Mapema katika miaka ya 1970, katika studio ndogo nyumbani kwake mtaani Waterhouse, alizichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akaipunguza au kuiondoa sauti ya mwimbaji, akaacha besi na ngoma zitawale, na kutia mwangwi. Hiyo ndiyo dabu. Santuri ya Augustus Pablo aliyoichanganya, King Tubbys Meets Rockers Uptown ya 1976, ingali inathaminiwa mno.

Nafasi hiyo iliyoachwa wazi haikubaki tupu. U-Roy, aliyeshika kipaza sauti kwenye mitambo ya Tubby, pamoja na wenzake, waliijaza kwa Krioli ya Jamaika, lugha ya wanyonge iliyodharauliwa darasani.

Tubby aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake mnamo Februari 1989.

Swali limebaki kwetu sisi walimu: ni wangapi tunaowaita wajinga kwa kuwa akili yao imo mikononi, na lugha yao haimo katika silabasi?