Jerzy Neyman na Amana ya Takwimu

Wapo watu ambao majina yao hayatajwi sokoni wala bandarini, lakini kazi yao hutumika kila siku katika ofisi zinazopanga maisha ya watu wa sokoni na bandarini. Mmoja wao ni Jerzy Neyman, bingwa wa hesabu wa Kipolandi, anayefahamika kwa wataalamu wa takwimu duniani kote, aliyefariki dunia tarehe 5 Agosti, 1981. Kila inapotangazwa kwamba asilimia fulani ya wananchi wanapata maji safi, na tangazo hilo limetokana na kuulizwa kaya chache badala ya kaya zote, mkono wa Neyman umo ndani yake. Inafaa basi maisha yake yajulikane, hasa kwa wale waliokabidhiwa kalamu ya kuandika taarifa.

Neyman alizaliwa tarehe 16 Aprili, 1894, katika mji wa Bendery, kando ya mto Dniester, wakati mji huo ulipokuwa chini ya utawala wa Mfalme wa Urusi. Wazazi wake walikuwa Wapolandi, na wakati huo nchi ya Poland haikuwamo katika ramani, kwa kuwa madola makubwa matatu yalikuwa yamegawana ardhi yake. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 12, na mama yake akahamia naye Kharkov. Huko ndiko alikoingia Chuo Kikuu mwaka 1912, akasoma hesabu katika miaka ya vita, mapinduzi na njaa. Mwaka 1920, siku chache tu baada ya kuoa, alikamatwa na kutiwa gerezani kwa wiki kadhaa, kosa lake likiwa ni kuwa Mpolandi wakati Urusi na Poland zikipigana. Mwaka 1921, akiwa na miaka 27, ndipo alipoingia katika nchi ya wazee wake, iliyokwisha kujipatia uhuru.

Kazi yake ya mwanzo huko ilikuwa katika taasisi ya kilimo ya mji wa Bydgoszcz. Alitakiwa kusaidia kuamua jambo ambalo kila mkulima analijua: mbegu mpya ikipandwa katika vipande vichache vya shamba na kuzaa vizuri, je, sifa ni ya mbegu au ni ya udongo wa vipande vile? Swali hilo la kuhukumu kilicho kingi kwa kutazama kilicho kidogo halikumtoka tena maishani. Alipata shahada ya udaktari mjini Warsaw mwaka 1924, na mwaka uliofuata akaenda London kusoma kwa Karl Pearson. Huko alifanya urafiki na Egon Pearson, mtoto wa mwalimu wake, na wawili hao wakaandika pamoja kazi zilizobadilisha elimu ya takwimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, taasisi moja ya mjini Warsaw ilitaka kujua hali ya wafanyakazi wa Poland kutokana na sensa ya mwaka 1931. Karatasi za sensa zilikuwa nyingi mno kusomwa zote kwa ajili ya uchunguzi huo. Ilibidi zichukuliwe chache. Lakini zipi? Na zikishachukuliwa, ni kwa kiasi gani zingeweza kutumainiwa?

Wakati huo ulikuwapo mfano wa karibu wa namna isiyofaa. Katika Italia, mabingwa wawili wa takwimu, Gini na Galvani, walitaka kuhifadhi sehemu tu ya karatasi za sensa ya mwaka 1921. Kwa nia njema kabisa walichagua wilaya 29 kati ya 214, wakihakikisha kwamba wastani wa wilaya hizo katika mambo saba unalingana na wastani wa taifa. Walipokuja kupima mambo mengine, wakakuta sampuli yao haifanani na Italia. Wao wakaanza kuilaumu njia yenyewe ya sampuli. Neyman akaonyesha kwamba sampuli haina kosa: kosa ni la mkono unaochagua. Anayechagua kwa kukusudia, hata awe mwadilifu namna gani, huingiza rai yake ndani ya hesabu, wala hana kipimo cha kujua amekosea kwa kiasi gani. Bali kura ikipigwa, kila kaya ikawa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, basi kosa lenyewe huwa na kanuni, na lenye kanuni linapimika.

Hoja hiyo aliitoa mbele ya Chama cha Kifalme cha Takwimu mjini London mwaka 1934, na mwaka 1937 akaitandaza kwa ukamilifu katika makala juu ya kile tunachoweza kukiita mipaka ya uhakika. Maana yake ni hii. Anayekadiria asitoe nambari moja kama kwamba ameiona kwa macho. Atoe nambari mbili, ya chini na ya juu, na aseme njia aliyoitumia hufanikiwa mara ngapi katika mia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme katika kisiwa zimechaguliwa kwa kura kaya 400, na 240 kati yake zina maji ya bomba. Hiyo ni asilimia 60. Kwa hesabu ya kawaida, mipaka ya uhakika wa asilimia 95 itakuwa kiasi cha 55 hadi 65. Afisa mwaminifu hataandika 60 peke yake. Ataandika na mipaka hiyo. Vivyo hivyo kwa wastani. Tuseme kaya 100 zimepimwa matumizi ya maji, wastani ukawa lita 90 kwa siku, na kaya hutofautiana na wastani huo kwa kiasi cha lita 30. Gawa 30 kwa kipeuo cha pili cha 100, yaani 10, upate 3. Chukua mara mbili yake, na mipaka inakuwa lita 84 hadi 96.

Hapo yapo mafunzo mawili yanayohusu fedha za umma. La kwanza, atakaye kupunguza upana wa mipaka kwa nusu hana budi kuuliza kaya mara nne zaidi, si mara mbili. La pili, linalowashangaza wengi, ni kwamba kaya 400 zilizochaguliwa kwa kura hutoa mipaka inayokaribia kuwa sawa, kisiwa kiwe na watu 50,000 au taifa liwe na watu milioni 50. Kwa hiyo anayedai kwamba kisiwa kidogo kinatosha kuulizwa kaya kumi tu, kwa kuwa ni kidogo, anakidhulumu.

Lakini asilimia 95 ni ya nini hasa? Hapa ndipo wengi hukosea, na Neyman alikuwa mkali sana. Mfikirie mvuvi anayerusha kimia juu ya jiwe lililozama, asiloliona. Jiwe halisogei, kinachokwenda huku na huku ni kimia. Mkono wake ukiwa hodari, katika marusho 100 kimia kitalifunika jiwe kama mara 95. Rusho la leo ama limelifunika ama halikulifunika, naye hawezi kuapa. Anachoweza kukisema kwa haki ni sifa ya mkono wake. Ndivyo ilivyo mipaka ya uhakika: ukweli wa kisiwa umesimama, mipaka ndiyo inayobadilika kila sampuli inapochukuliwa, na ile 95 ni sifa ya njia, si kiapo juu ya taarifa ya leo.

Fikra hizo hazikupokewa kwa urahisi. Bowley, mzee wa takwimu wa Uingereza, alitia shaka mbele ya mkutano ule ule wa mwaka 1934, na Fisher, bingwa mkubwa kuliko wote wa wakati huo, alikuja kuwa hasimu wake kwa miaka mingi. Mwaka 1938 Neyman alihamia Marekani, katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, akajenga huko kituo cha takwimu kilichovuta wanafunzi kutoka pande zote za dunia. Mwaka 1946 alikwenda Ugiriki katika ujumbe wa mataifa washirika wa kuangalia uchaguzi, akatofautiana na wakubwa wa ujumbe, akaondolewa. Aliendelea kufundisha na kuandika mpaka uzeeni, na alifariki akiwa na miaka 87.

Sisi wa visiwani tuna nini na mtu huyu? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar. Lakini sensa huja kila baada ya miaka kumi hivi, na katikati yake mipango ya afya, kilimo na mapato ya kaya hutegemea uchunguzi wa sampuli. Sote tunaijua tabia ya mkaguzi kuanzia vijiji vya kando ya barabara ya lami, na kumalizia huko huko kwa sababu jua limekuchwa au mashua haikupatikana. Kijiji kilichopigwa deki kwa ajili ya mgeni hakiwakilishi kijiji kisichojua kwamba mgeni yupo. Kura ikiangukia Kojani au Tumbatu, basi Kojani na Tumbatu paendewe, hata bahari ikichafuka kesho isubiriwe keshokutwa. Anayebadilisha kaya iliyotajwa na kura kwa kaya iliyo karibu na gati ameivunja hesabu nzima, na hakuna kanuni itakayoiunga.

Tena viongozi wasiogope mipaka. Afisa anayeandika kwamba idadi iko kati ya 55 na 65 si dhaifu kuliko anayeandika 60 kwa sauti kubwa. Huyo wa kwanza amemwambia mkubwa wake kiasi cha anachokijua na kiasi cha asichokijua, na mpango wa visima au wa zahanati unaweza kutengenezwa kwa kujiandaa kwa pande zote mbili. Wa pili amempa mkubwa wake utulivu wa bure, utakaolipwa na mwananchi atakayefika zahanati akakuta dawa zimekwisha.

Takwimu ni amana. Imetoka katika vinywa vya watu waliofungua milango yao na kujibu maswali ya mgeni, na amana hurudishwa kama ilivyo, bila kupunguzwa wala kuongezwa.