Bingwa Aliyefungiwa Mlango

Masahiko Kimura, mcheza judo wa Japani ambaye wajuzi wengi wa mchezo huo humhesabu miongoni mwa mabingwa wakubwa kupita wote, alifariki dunia tarehe 18 Aprili 1993 akiwa na umri wa miaka 75. Tumeona inafaa kuyaeleza maisha yake katika safu hii, si kwa sababu ya ushindi wake pekee, bali kwa sababu ya jinsi alivyotendewa na wakubwa wa mchezo wake baada ya ushindi huo. Jambo hilo linawahusu wote waliopewa dhamana ya kusimamia michezo, wa visiwani na wa bara.

Kimura alizaliwa tarehe 10 Septemba 1917 huko Kumamoto, katika kisiwa cha Kyushu. Nyumba yao ilikuwa ya kimaskini. Baba yake alijipatia riziki kwa kuchota kokoto mtoni, na mtoto akakulia katika kazi hiyo ya sulubu. Alianza judo angali mdogo, na alipofikia miaka 18 alikuwa amekwisha kupewa dani ya tano, daraja ambalo si la vijana. Mwalimu Tatsukuma Ushijima alimchukua Tokyo, akamwingiza Chuo Kikuu cha Takushoku. Mwaka 1935 alishindwa mara nne, na kushindwa huko kulimuuma mno. Alizidisha mazoezi hata yakafikia muda wa saa tisa kwa siku, na husimuliwa kwamba alikuwa akiupiga mti ngwala kana kwamba ni mtu.

Matunda yake yalionekana. Alitwaa ubingwa wa Japani nzima mwaka 1937, akaurudia 1938 na 1939, na mwaka 1940 akashinda mashindano yaliyofanywa mbele ya Mfalme Mkuu. Vita vikaingilia kati. Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, majeshi ya Marekani yaliyoitawala nchi yalipiga marufuku judo mashuleni, na walimu wengi wa mchezo huo wakakosa pa kupatia mkate. Hata hivyo, mwaka 1949 Kimura alirudi ulingoni, akatoka sare na Takahiko Ishikawa katika fainali, na ubingwa wakaugawana.

Hapa ndipo msomaji atakapotaka kutulia kidogo. Bingwa huyo, ambaye taifa zima lilimjua, hakuwa na fedha, na mkewe alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Dawa ya streptomycin ilikuwapo, lakini ilitoka ng'ambo na bei yake ilikuwa ya kuvunja mgongo. Heshima ya mchezo wa ridhaa hailipi duka la dawa. Mwaka 1950 Ushijima alipoanzisha judo ya kulipwa, Kimura alijiunga, na chama kile kiliposambaratika baada ya miezi michache, alivuka bahari hadi Hawaii na baadaye Brazili, akicheza judo na mieleka kwa malipo. Dawa ilinunuliwa, na mke akapona. Sisi hatuoni aibu yoyote katika safari hiyo.

Huko Brazili lilitokea pambano lililoliacha jina lake duniani. Familia ya Gracie ilikuwa imejifunza sanaa yake kutoka kwa Mitsuyo Maeda, Mjapani aliyefika nchini humo mwaka 1914, na Hélio Gracie alikuwa shujaa wa watu wake. Tarehe 23 Oktoba 1951, huko Maracanã mjini Rio de Janeiro, Kimura alimwangusha mara kwa mara, kisha akaukunja mkono wake nyuma ya mgongo. Gracie, mwepesi wa mwili lakini mzito wa moyo, alikataa kusalimu amri hata mkono ulipovunjika. Kaka yake Carlos ndiye aliyerusha taulo. Wabrazili, ambao wangeweza kumchukia mgeni huyo, waliuita ule mkunjo kwa jina lake, na mpaka leo wapiganaji wa kila nchi huuita kimura.

Nchini kwake mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1954 televisheni ilikuwa ngeni Japani, na umati ulikusanyika barabarani kutazama mieleka. Kimura alishirikiana na Rikidozan, aliyekuwa mcheza sumo, dhidi ya ndugu wawili wa Sharpe. Katika mapambano hayo Kimura ndiye aliyezoea kuangushwa, na Rikidozan ndiye aliyekuja kuokoa. Bingwa wa judo alichoka kuwa ngazi ya mwenzake, akamtaka wapambane. Walikutana tarehe 22 Desemba 1954. Kwa maelezo ya Kimura mwenyewe, walikuwa wamekubaliana kutoka sare. Lakini katikati ya pambano Rikidozan alianza kumpiga kweli kweli, hata Kimura akabaki chini akivuja damu. Hatumtetei kwa kukubali pambano la kupangwa, maana anayekubali mchezo wa uongo hujiweka mikononi mwa mwongo mwenziwe. Lakini fedheha aliyobebeshwa ilizidi kosa lake, kwa kuwa watazamaji waliona kwamba judo yenyewe ndiyo iliyolala pale. Rikidozan alichomwa kisu mwezi wa Desemba 1963, akafa baada ya siku chache.

Kimura alirejea Takushoku kufundisha. Doug Rogers wa Kanada, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, alipita mikononi mwake, na mwanafunzi wake Kaneo Iwatsuri akawa bingwa wa Japani mwaka 1971.

Sasa na tulinganishe. Anton Geesink wa Uholanzi, mshindi wa dhahabu hiyo hiyo ya Tokyo, naye aliingia mieleka ya kulipwa Japani katika miaka ya 1970. Hakuna aliyemfungia mlango. Mwaka 1987 alifanywa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mwaka 1997 shirikisho la judo la dunia likampa dani ya kumi. Tunamtakia heri yake yote, alistahili. Ila wakubwa wa Kodokan, makao makuu ya judo yaliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, walikuwa wamempa Kimura dani ya saba angali kijana wa miaka kama 30, kabla hajaingia katika mchezo wa malipo. Ikapita miaka zaidi ya 40, wanafunzi wake wakapata ubingwa, nywele zake zikageuka mvi. Siku anazikwa, dani yake ilikuwa ile ile ya saba.