Mtume Wetu (S.A.W.) na Kifo cha Mwanawe Ibrahim

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alijaaliwa watoto saba, na sita katika hao walimtangulia kufa. Bibi Fatima peke yake ndiye aliyebaki nyuma yake, naye hakuishi ila kama miezi sita. Twaieleza khabari hii kwa kuwa katika nchi yetu hii ya chai, Kericho na Bomet, mara kwa mara twaitwa kuzika watoto wachanga, na aghalabu twawakuta wazazi wako baina ya washauri wawili. Mmoja awaambia kuwa mwenye imani halii. Wa pili awanong'oneza kwamba mtoto amerogwa, na jirani fulani ndiye aliyemroga. Wote wawili hawakuyasoma maisha ya Mtume wao.

Msiba wa mtoto ulimfika Mtume tangu Makka. Mwanawe wa kwanza, Qasim, ambaye kwa jina lake yeye aliitwa Abul-Qasim, alikufa mdogo. Kisha akafa Abdullah, naye mdogo vile vile. Makureshi badala ya kumpa mkono wa taazia walimcheka, wakamwita mtu aliyekatikiwa na kizazi; na wanazuoni wengi wa tafsiri wametaja kuwa hiyo ndiyo sababu ya kuteremka Suratul-Kauthar. Basi mwenye kumsimanga mama kwa kuwa watoto wake hawakai, na ajue amefuata nyayo za nani.

Madina nako aliwapoteza mabinti watatu: Ruqayya mwaka wa 2 Hijra (624), siku za vita vya Badri, Zaynab mwaka wa 8, na Ummu Kulthum mwaka wa 9. Imesihi pia kuwa binti yake mmoja alimpelekea mjumbe kwamba mwanawe yu katika kukata roho. Mtume alimrudishia salamu na kumuusia subira. Yule binti akamwapia lazima aje. Akaondoka pamoja na masahaba zake, akapewa yule mtoto mikononi, pumzi zikimkoroma, na hapo machozi yakamtoka.

Ama Ibrahim, huyu alizaliwa na Bibi Mariya, Mkibti wa Misri, katika Mfunguo Tatu mwaka wa 8 Hijra (630), na Mtume umri wake umepindukia miaka 60. Alimpa jina la babu yake, Nabii Ibrahim. Akampeleka kunyonyeshwa kwa mke wa Abu Sayf, mhunzi, katika vitongoji vya Madina. Anas bin Malik amehadithia jinsi Mtume alivyokuwa akenda kumtazama. Nyumba ilijaa moshi wa mafua ya mhunzi, na Anas akitangulia mbio kumwambia Abu Sayf aache kwanza kufua, Mtume amefika. Huingia, akamchukua mwanawe, akambusu, kisha akarudi mjini. Mtu huyu alikuwa na umma mzima wa kuuongoza, lakini hakuona aibu kutembea mwendo wote ule kwa ajili ya kumbusu mtoto. Wako akina baba kwetu wanaoona haya kumpakata mtoto mbele ya wenzao!

Ibrahim hakutimiza miaka miwili. Mtume aliingia akamkuta yu katika kukata roho, macho yake yakabubujika. Abdurrahman bin Auf alistaajabu, akauliza kama hata yeye hulia. Mtume akamfahamisha kuwa yale ni rehema. Jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi usitamke neno lisilomridhi Mola. Wala hakuficha kwamba kutengana na Ibrahim kumemhuzunisha. Alichokataza ni kujipiga mashavu, kupasua nguo na kuomboleza kwa maneno ya kijahili.

Siku ile ile jua likapatwa. Wataalamu wa falaki wamehesabu kuwa kupatwa huko kulikuwa tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Lau angekuwa mtu wa kujitafutia utukufu angenyamaza tu, na maneno yale yangemtosha. Yeye aliwasalisha watu sala ndefu, kisha akawabainishia kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Sisi twakaa katika nchi ambayo mvua ya mawe huipiga chai siku nyingi za mwaka kuliko sehemu nyingi za ulimwengu. Ikinyesha siku ya maziko, ni mvua ya mawe tu; haimshuhudii jirani yeyote kuwa mchawi.

Na katika chakula cha msiba, Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muta mwaka wa 8, Mtume aliamrisha jamaa zake wapikiwe, kwani wameshughulishwa na msiba. Leo mchumaji chai aliyefiwa hukopa mshahara usiokwisha mwezi ili awalishe wanaokuja kumpa pole. Hiyo ni sunna iliyogeuzwa chini juu, nasi twawaomba majirani wa kambini wawatangulie wafiwa kwa sufuria zao.

Ibrahim alizikwa Baqii, na Mtume akakhubiri kuwa anaye mnyonyeshaji Peponi. Bibi Mariya aliishi mpaka mwaka wa 16 Hijra (637). Sayyidna Umar, naye ni Khalifa, alikusanya watu mwenyewe akamsalia, wakamzika Baqii alikozikwa mwanawe.