Mpiga fidla mweusi aliyetamba Ulaya akafa fukara

WAPITAO karibu na Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, jijini Nairobi, huenda wakasikia fidla ikifanyiwa mazoezi katika chuo cha muziki kilicho jirani. Ni wachache wajuao kwamba, zaidi ya karne moja iliyopita, mtu mweusi aliimudu ala hiyo hadi kumbi kuu za Ulaya zikamshangilia.

Claudio José Domingo Brindis de Salas alizaliwa Havana, Cuba, Agosti 4, 1852, kisiwa hicho kikiwa koloni la Uhispania na utumwa ungali halali. Jamaa zake walikuwa weusi huru, na muziki ndio uliowalisha. Babake, aliyeitwa pia Claudio, alipiga fidla na kuongoza okestra iliyotumbuiza katika dansi za matajiri wa Kizungu.

Umaarufu huo haukumkinga. Mnamo 1844 wakoloni walidai kugundua njama ya uasi wa watumwa na weusi huru. Mshairi Plácido alipigwa risasi. Mzee Brindis alikamatwa, akateswa, kisha akafukuzwa nchini. Ni mtu huyo, baada ya kurejea, aliyemtia mwanawe fidla mkononi.

Mtoto alipanda jukwaani Havana mnamo 1863. Miaka sita baadaye alikwenda Paris kusomea muziki, na mnamo 1871 akatwaa tuzo ya kwanza ya chuo chake. Alizuru Italia, Ujerumani, Urusi na Uingereza. Ufaransa ilimvisha nishani, Ujerumani akaitwa baroni. Walimwita Paganini Mweusi, kwa kumlinganisha na bingwa wa Italia. Ilikuwa sifa, ila mtu hujiuliza mbona jina lake mwenyewe halikutosha. Wakati huo wote, hadi 1886, watu wa rangi yake walikuwa bado watumwa kwao Cuba.

Kisha makofi yakapungua, na kifua kikuu kikamwandama. Mnamo 1911 alifika Buenos Aires, Argentina, jiji lililowahi kumshangilia, akiwa hana kitu na hatambuliki. Inasimuliwa kwamba ni pasipoti yake iliyowafichulia waliomwokota mgonjwa yule alikuwa nani. Alifariki Juni mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 58.

Mabaki yake yalirudishwa Havana mnamo 1930.