Askofu Kibira: Mlokole wa Bukoba aliyetoka kwenye vikundi vya toba

Kabla wanandoa hawajaanza kulipia ushauri nasaha, Kagera kulikuwa na vikundi vya walokole. Mume na mke walikaa na wenzao, kila mmoja akataja makosa yake, wakasameheana na kuombewa.

Huko ndiko alikotokea Josiah Kibira.

Alizaliwa 1925 Kashenye, Buhaya. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, uliingia Buhaya akiwa bado mdogo, naye akaokoka miaka ya 1940.

Kwa mila za Kihaya, ndoa ilikuwa ya koo mbili. Mahari, ugomvi, hata mke kurudi kwao, wazee walikuwa na sauti. Walokole wakaleta jambo geni: mume naye anatubu, tena mkewe akiwa anasikia.

Miaka hiyohiyo ya 1940, huko Uingereza, daktari S.H. Foulkes, mzaliwa wa Ujerumani, alianza kutibu wagonjwa wa nafsi kwa vikundi. Kwake, tatizo haliko ndani ya mtu mmoja tu, liko kati ya watu, na kikundi chenyewe ndiyo dawa. Baadaye njia hiyo ikatumika kwa wanandoa: ukisikia ugomvi wa wenzako, unauona wa kwako.

Lakini tofauti ipo, tena kubwa. Kwa daktari, siri haitoki nje na hakuna anayehukumiwa kwa dhambi. Kwa walokole, neno likishasemwa mbele ya majirani halirudi, na anayesita anaweza kuonekana hajaokoka sawasawa. Uamsho ulipatanisha watu Buhaya, ila pia uliligawa kanisa.

Kibira alibaki ndani ya yote mawili. Alisoma Ujerumani na Marekani, kisha 1964 akampokea uaskofu Msweden Bengt Sundkler. Dayosisi yake ilifika hadi Muleba, iliko Hospitali ya Ndolage. Kitabu chake cha 1974 kinahusu kanisa na ukoo: mtu anayeacha kinga ya ukoo wake anahitaji wenzake wapya wa kumbeba.

Mwaka 1977, jijini Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani. Aliliongoza hadi 1984, akafariki 1988.

Wanandoa wa Bukoba na Muleba bado wana swali lilelile: nyumba ikiwaka moto, unamwambia nani, na nani atakutunzia siri?