Maxim, mtu aliyeshusha sauti ya injini

Subaru yenye ekzosi ya kubadilisha ikipita Mtawanya, Kibiti, mlio wake husikika kabla gari lenyewe halijaonekana. Kinachoamua mlio huo ni sailensa, na jina kubwa kwenye kazi hiyo ni Hiram Percy Maxim.

Alizaliwa Brooklyn, Marekani, mwaka 1869. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, aliiacha familia akaenda Ulaya. Huko, mwaka 1884, akatengeneza bunduki ya rashasha, ile wazee waliyoiita bombomu. Silaha za aina hiyo ndizo Wajerumani walizitumia dhidi ya wapiganaji wa Maji Maji mwaka 1905, vita vilivyoanzia milima ya Matumbi, kusini tu mwa Rufiji.

Baba alileta kishindo, mtoto akatafuta ukimya. Kuanzia 1895 aliunda magari katika kampuni ya Pope, Hartford. Mwaka 1909 akapata hataza ya kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia akitazama maji ya kuogea yakizunguka kabla ya kutoka: gesi yenye presha nayo ikizungushwa, hutoka taratibu na kelele hupungua. Baadaye kampuni yake ikageukia sailensa za injini. Alifariki 1936.

Kanuni hiyo haijazeeka. Fundi aking'oa sailensa na kuchomelea bomba tupu, kelele itaongezeka tu. Nguvu ya gari ni hesabu nyingine. Anayechagua ekzosi aulize kwanza: ndani ya sailensa kuna nini?