Mzee Maruge Aliyeingia Darasa la Kwanza na Miaka 84

Jumapili iliyopita tulimsikia Kalebu, mzee wa miaka 85, akimwomba Yoshua ampe mlima. Baada ya ibada baadhi yetu tukasema huko nje kwamba hao walikuwa wazee wa Biblia, chakula chao kilikuwa kingine na miili yao haikuwa kama yetu. Sawa. Basi wiki hii tumchukue mzee wa hapa hapa Eldoret, aliyekuwa mdogo wa Kalebu kwa mwaka mmoja tu siku alipofanya lake. Wengine wenu mlimwona kwa macho.

Kimani Ng'ang'a Maruge alizaliwa karibu mwaka 1920. Nasema karibu kwa sababu siku hizo za mkoloni, nani alikuwa akiandikia mtoto wa Kiafrika cheti cha kuzaliwa? Shule hakuiona. Vita vya kudai ardhi na uhuru vilipokuja miaka ya hamsini, akawa mpiganaji wa Mau Mau. Uhuru ukafika 1963 akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, na kusoma bado hajui. Miaka ikaenda vile miaka inavyoenda. Mke akafariki, wajukuu wakafika 30.

Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ikafuta karo ya shule za msingi. Mnakumbuka wenyewe vile madarasa yalifurika. Watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nyumbani waliingia shule nchini kote. Kila mtu alikuwa anawaza watoto. Maruge akajiwazia yeye. Tarehe 12 Januari 2004 alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo. Alivaa sare kama wenzake, kaptura na soksi ndefu, fimbo yake ya kutembelea mkononi. Wajukuu wake wawili walikuwa wanafunzi wa shule hiyo hiyo.

Sababu zake hazikuwa za kishujaa, na mimi napenda hivyo. Ya kwanza ilikuwa Biblia. Alitaka kuisoma mwenyewe, kwa sababu alikuwa na shaka kama wanaowasomea watu wanasoma kilichoandikwa kweli. (Sisi wahubiri tusikasirike, tumeze tu.) Ya pili ilikuwa pesa. Alikuwa amesikia kwamba wapiganaji wa Mau Mau huenda wakalipwa fidia, naye akataka siku hiyo ikifika azihesabu kwa mkono wake, asidanganywe na mtu. Hakwenda shule ili awe mfano wa taifa. Alikwenda kwa sababu kuna vitu viwili vilivyokuwa vinamnyima amani, na dawa yake alijua iko wapi.

Hebu tukae hapa kidogo. Umri haukuwa mzigo mkubwa wa mzee huyu, maana umri haucheki mtu. Watu ndio hucheka. Fikiria kupita barabarani asubuhi na kaptura, una miaka 84, vijana wa boda boda wanaangalia, majirani wanaulizana kama mzee ameanza kuchanganyikiwa. Fikiria kuketi dawati moja na mtoto wa miaka sita ambaye anajua herufi kukushinda. Masomo ya ngumbaru yamekuwepo nchini miaka mingi, na wazee wengi hawakwenda hata huko, ambako wangekaa na wa rika lao. Tunaona haya. Tuko nao hapa kanisani. Kuna mama ambaye mchungaji akisema tufungue kitabu fulani anapekua kurasa mpaka jirani asimame, ndipo naye anasimama. Kuna baba ambaye ujumbe wa M-Pesa ukiingia anampa mjukuu simu amsomee, na mjukuu ndiye anayejua babu ana shilingi ngapi. Si dhambi hiyo. Lakini inachosha, na yule anayeibeba anajua vile inachosha.

Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, angeweza kumrudisha nyumbani. Darasa lilikuwa limejaa, na hakuna ambaye angemlaumu. Akampokea. Nafikiri tunamsifu Maruge sana na kumsahau mama huyu, kwa sababu mtu akitaka kubadilisha maisha uzeeni, mara nyingi kinachohitajika ni mtu mmoja tu wa kutomcheka.

Mwaka 2005 wanafunzi walikuwa na mzee huyo kama kiranja wao mkuu. Septemba mwaka huo akapanda ndege mara ya kwanza maishani, akaenda New York kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuwatetea watoto wasio na shule. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kikamwandika kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuanza shule ya msingi.

Kisha ikaja 2008. Sisi wa Eldoret hatuhitaji kuelezwa mwaka ule, na wengine humu ndani bado mna vidonda vyake, wa upande huu na wa upande ule. Mali ya Maruge iliibwa. Alijikuta kambini, kwenye hema, kama kilomita 4 kutoka shuleni. Alifikiria kuacha masomo, na nani angemlaumu? Alikuwa amebaki na nini? Lakini kutoka kambini aliendelea kwenda darasani. Ukiniuliza, hii ndiyo sehemu kubwa ya maisha yake, kuliko ile ndege ya New York. Siku ya kwanza ya shule mtu anaweza kusukumwa na hamu tu. Asubuhi ya kutoka hemani kwenda kusoma, mji ukiwa bado unanuka moshi, hiyo ni kitu kingine.

Baadaye mwaka huo alihamia Nairobi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Juni akajiandikisha tena, Shule ya Msingi ya Marura, Kariobangi. Tarehe 24 Mei 2009 alibatizwa katika kanisa Katoliki huko Kariobangi, akaitwa Stephen. Najua kuna watakaouliza kwa nini huko na si kwetu. Mzee wa karibu miaka 90 aliingia kwa Bwana. Hayo mengine tutayaongea siku nyingine.

Saratani ya tumbo ilikuwa imeshamshika. Alifariki Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta tarehe 14 Agosti 2009, miezi miwili hivi baada ya wazee wenzake wa Mau Mau kupeleka kesi yao London. Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 mwaka 2013. Maruge hakuzihesabu pesa hizo. Darasa la nane pia hakulifikia. Alizikwa shambani kwake Subukia, na mpaka anaingia hospitali alikuwa bado mwanafunzi.